Ukoo wa Mex67: Safari ya RNA Mjumbe Kutoka Kiinini, na Njia Yake Kupitia Nairobi

Kisumu Ndogo ni kijiji kimojawapo cha Kibera, na jina hilo hilo limeshika pia mtaani Kawangware. Wengi wa waliovianzisha vijiji hivyo walitoka Nyanza, kandokando ya Ziwa Victoria, wakifuata kazi za reli, viwanda na nyumba za watu mjini Nairobi. Ukitoka Kawangware kwa Barabara ya Naivasha kuelekea Uthiru, unafika kwenye uzio wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pale Kabete. Ndani ya uzio huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti walianza kuzichambua jeni za kimelea kilichowahi kuangamiza vijiji vizima vya ziwani.

Swali lililozaliwa kutokana na kazi za aina hiyo linaonekana dogo: agizo la jeni hutokaje ndani ya kiini cha seli? Karibu kila seli ya mtu, ya ng'ombe au ya hamira huihifadhi DNA yake ndani ya kiini kilichozungukwa na utando. Protini, ambazo ndizo hufanya kazi, hutengenezwa nje ya kiini hicho. Kati ya pande hizo mbili hupita RNA mjumbe, nakala ya jeni moja, na bila kuvushwa haina faida yoyote. Imechukua zaidi ya nusu karne kugundua kwamba kazi ya kuivusha imeshikwa na ukoo mmoja wa protini, na sehemu kubwa ya ugunduzi huo imetokana na wavamizi: virusi na vimelea. Baadhi ya wavamizi hao historia yao ni ya hapa kwetu.

Askari, reli na malale, 1891–1912

Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alisafiri hadi karibu na Ziwa Albert akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki huko baada ya mkuu wao, Emin Pasha, kuondoka. Walikuja na wake, watoto na wafuasi wao, wakawa nguzo ya jeshi la Waingereza nchini Uganda. Baadaye baadhi yao waliingizwa katika kikosi cha King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaruhusiwa kukaa katika msitu ulio nje kidogo ya Nairobi. Serikali iliutangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1912, ekari zaidi ya 4,000. Huo ndio mwanzo wa Kibera, na wazao wa askari hao, Wanubi, wangalipo.

Wakati huohuo balaa lilikuwa limezuka ziwani. Februari 1901 madaktari wawili ndugu wa Hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Desemba mwaka huo reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Ugonjwa ulienea Busoga, Buganda, visiwani, na ufuoni mwa Nyanza. Mgonjwa alianza kwa homa, akaendelea kwa kuchanganyikiwa na kusinzia mchana, akaishia kwenye usingizi asioamka. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya watu 250,000 walikufa Uganda kufikia mwaka 1920. Utawala wa Gavana Hesketh Bell uliwahamisha kwa nguvu wakazi wa ufuoni na visiwani ili kuwaweka mbali na mbung'o.

Jumuiya ya kisayansi ya London, Royal Society, ilituma tume Entebbe mwaka 1902. Aldo Castellani akakiona kimelea chembamba kinachojipinda katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba kimelea hicho ndicho chanzo na kwamba mbung'o ndiye mbebaji. Bruce hakuwa mgeni wa kiumbe hicho. Alikuwa amekikuta Zululand miaka ya 1890 katika ng'ombe wenye nagana, na kikapewa jina lake: *Trypanosoma brucei*.

Lawama nazo zilitafuta wa kubebeshwa. Madaktari kadhaa wa kikoloni walidai kwamba askari wa Kisudani ndio walioleta malale kutoka magharibi. Mwaka 2004 watafiti walipozisoma upya kumbukumbu za hospitali za wakati ule, waliona dalili za ugonjwa unaoua kwa kasi, wa aina iliyozoea Afrika Mashariki, pamoja na ile aina ya polepole ya Afrika Magharibi na Kongo. Sababu nyingine zilikuwa zimejipanga tayari. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe miaka ya 1890, njaa na vita vikawatawanya watu, na malisho yaliyoachwa yakarudi kuwa vichaka vya mbung'o.

Kimelea kilikuwa kimejulikana. Kilichotendeka ndani yake hakikujulikana, na hakungekuwa na namna ya kukijua mpaka sayansi ya seli yenyewe ikue.

Kiini chenye vitundu, 1950–1977

Mwaka 1950, kwa kutumia darubini ya elektroni, H. G. Callan na S. G. Tomlin walichunguza utando wa viini vya mayai ya chura na wanyama wa jamii yake. Waliona kwamba utando huo umejaa vitundu vilivyopangika vizuri. Siku hizi tunajua kwamba kiini cha seli ya binadamu kina maelfu ya vitundu hivyo, na kwamba kila kimoja kimejengwa kwa takriban aina 30 za protini. Katikati yake kumejaa nyuzi za protini zilizolegea. Molekuli ndogo hupenya kati ya nyuzi hizo bila shida. Kubwa huzuiwa, isipokuwa zikiwa zimeshikwa na protini inayoelewana na nyuzi.

Mwaka 1961 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Sydney Brenner, François Jacob na Matthew Meselson, yalithibitisha kwamba kuna RNA ya muda mfupi inayobeba agizo la jeni hadi kwenye ribosomu, vyombo vinavyounda protini. Kazi ile ilitegemea bakteria, na bakteria hana kiini. Kwake agizo huanza kusomwa hata kabla nakala haijakamilika, kwa hiyo suala la kuvuka halikuwapo.

Mwaka 1977 Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba jeni za virusi vinavyoishi katika seli za binadamu zimekatikakatika: sehemu zenye maana zimetenganishwa na vipande ambavyo ni lazima vitolewe, ndipo zilizobaki ziungwe. Ikawa hivyo hivyo kwa jeni nyingi za wanyama na mimea. Sasa kiini kikawa na mzigo wa ziada: nakala ghafi zisitoke, zilizokatwa na kuungwa zitoke. Anayetuma mzigo kwa basi la usiku kutoka Nairobi hadi Kisumu anazijua hatua zake. Mzigo hufungwa, huandikwa jina, hukabidhiwa mtu wa kuusindikiza, na ukifika hushushwa mara moja, la sivyo utarudi na basi lilelile. RNA mjumbe nayo hupita hatua hizo nne, lakini mwaka 1977 hakuna aliyeweza kumtaja msindikizaji wake.

Kabete, 1973–1986

Maabara ya kimataifa ya utafiti wa maradhi ya mifugo, ILRAD, ilianzishwa mwaka 1973 palepale Kabete ilipo ILRI sasa. Ilipewa maadui wawili: ndigana kali, inayoletwa na kupe, na tripanosoma, zinazoletwa na mbung'o. Matumaini yalikuwa chanjo.

Chanjo ya tripanosoma ilikwama kwenye koti. Kimelea kinapokuwa katika damu hujifunika kwa nakala takriban milioni 10 za protini ya aina moja. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini hiyo na kuua vimelea vingi, lakini wachache wanakuwa wamekwisha kuvaa koti jingine, na homa hurudi upya. Swali la Kabete lilikuwa la jeni: koti hubadilishwaje?

Mwaka 1979 Richard Williams, John Young na Phelix Majiwa wa ILRAD walichapisha katika jarida la *Nature* ushahidi kwamba DNA yenyewe hupangwa upya kimelea kinapobadilisha koti. Mwaka 1982 Majiwa aliongoza makala nyingine katika jarida hilohilo, iliyoonyesha kwamba jeni za koti hupangwa upya kwa namna mbili tofauti. Makundi ya Amsterdam na Cambridge yalikuwa yakiifuata njia hiyohiyo. Nairobi, katika miaka ile michache, ilikuwa mojawapo ya sehemu ambako jeni za kimelea hiki zilieleweka mapema kuliko kwingine kwingi.

Kutokana na jeni za koti likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1982 iligunduliwa kwamba RNA mjumbe za koti, hata zinazotoka kwenye jeni tofauti, zote huanza kwa kipande kilekile, ambacho hakimo katika jeni zenyewe. Kufikia 1986 ilikuwa wazi kwamba kipande hicho, chenye herufi 39, hutengenezwa mahali pengine kisha huunganishwa kwenye kichwa cha kila RNA mjumbe. Kumbe tripanosoma huandika jeni nyingi, makumi na wakati mwingine zaidi, katika uzi mmoja mrefu wa RNA. Uzi huo hukatwa vipande, kila kipande kikapata kichwa hicho kimoja na mkia wa herufi A nyingi. Aina ya ukataji iliyogunduliwa mwaka 1977, ya kuondoa vipande katikati ya jeni, karibu haipo kwake. Inajulikana katika jeni mbili tu.

Hapo ndipo tripanosoma ilipoacha kuwa adui wa mfugaji peke yake. Ikawa pia kipimo cha nadharia. Chochote ambacho wanasayansi wangesema ni kanuni ya seli zote zenye kiini, kiumbe hiki kingeweza kuulizwa kama kanuni hiyo inakihusu.

Virusi vyaonyesha mlango, 1984–1998

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Miaka michache baadaye virusi vyenyewe vilikuwa katika meza za maabara duniani kote, na vikaleta fumbo. Virusi vya UKIMWI huhitaji kutoa RNA zake kiinini zikiwa nzima, bila kukatwa, kinyume cha utaratibu wa seli. Mwaka 1989 Michael Malim, Bryan Cullen na wenzao walionyesha kwamba protini ya virusi iitwayo Rev hushika mahali maalumu kwenye RNA hiyo na kuitoa nje. Baadaye ikajulikana kwamba Rev hukodi huduma ya protini ya mwili, CRM1, ambayo kazi yake ya kawaida ni kutoa protini nyingine kiinini.

Basi, je, CRM1 ndiyo msindikizaji wa RNA mjumbe zote? Jibu lilitoka kwa kirusi kingine, kilichopatikana mwaka 1970 katika uvimbe wa titi la nyani wa Asia, kirusi cha Mason-Pfizer. Hicho hakina Rev. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba RNA yake ina kipande kinachojitosheleza kutoka. Watafiti walipojaza kipande hicho kwa wingi katika viini vya mayai ya chura, RNA mjumbe za kawaida za seli zilikwama ndani. Rev ilipojazwa vivyo hivyo, hazikukwama. Maana yake kirusi cha nyani kilikuwa kinamtumia msindikizaji yuleyule anayetumiwa na seli, na kilipomshika kabisa, wengine walikosa usafiri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuponya mtu, lakini alionyesha mlango.

Aliyesimama mlangoni alipatikana kwanza katika hamira. Mwaka 1997, mjini Heidelberg, Ujerumani, maabara ya Ed Hurt ilitangaza protini iitwayo Mex67. Inashika RNA yenye mkia wa A, inashika pia vitundu vya utando. Hamira yenye Mex67 iliyolegezwa ilipopelekwa kwenye joto la nyuzi 37, RNA ilirundikana kiinini katika dakika chache. Mwaka uliofuata Elisa Izaurralde na wenzake walimtambua mwenzake wa binadamu, protini iitwayo TAP, na wakathibitisha kwamba ndiyo inayotumiwa na kirusi cha nyani. Jina TAP lenyewe lilikuwa limetolewa mwaka 1997 na watafiti wa kirusi cha malengelenge cha tumbili wa Amerika, ambao waliikuta imeshikana na protini ya kirusi hicho bila kujua kazi yake.

Mwaka 1999 likaja jaribio lililofunga mjadala. Hamira iliyonyimwa Mex67 na mshirika wake mdogo, Mtr2, hufa. Ilipopewa TAP ya binadamu pamoja na mshirika wake, p15, ikaishi, ingawa kwa unyonge. Njia za binadamu na hamira zilitengana takriban miaka bilioni moja iliyopita, na bado protini ya mmoja iliweza kufanya kazi katika seli ya mwingine.

Kabete yenyewe ina kirusi chake katika hadithi hii. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham, wa maabara ya mifugo ya Kabete na wa idara ya afya ya koloni, wakaueleza ugonjwa mpya: homa ya Bonde la Ufa. Miongo minane baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zinapotengeneza protini NSs ya kirusi hicho, RNA mjumbe za mwenyeji hukwama kiinini. Kirusi chenyewe huzidishia nyuzi zake nje ya kiini. Kikifunga mlango, anayeumia ni mwenye nyumba, hasa kwa kuwa maagizo ya kujikinga nayo hubaki ndani.

Ukoo wajulikana, 2000–2002

Mwaka 2000 Andrea Herold, Izaurralde na wenzao walichapisha orodha iliyobadilisha mtazamo. TAP haikuwa peke yake. Binadamu ana jeni kadhaa za namna hiyo, na nzi, minyoo na wanyama wengine nao wana zao. Ukoo huo ukapewa jina NXF, na TAP ikawa NXF1.

Ndugu hawa wanafanana kwa ujenzi. Mwanzoni mwa kila mmoja kuna sehemu ya kushika RNA. Katikati kuna sehemu inayoungana na mshirika mdogo, p15. Mwishoni kuna sehemu inayoelewana na nyuzi za kitundu. Lakini si wote walio na sehemu zote, na hapo ndipo kazi zao zinapotofautiana. NXF1 hupatikana karibu kila mahali mwilini. Jeni za NXF2, NXF3 na NXF5 ziko katika kromosomu X. NXF2 huonekana hasa katika korodani. NXF3 imepoteza uwezo wa kushika kitundu moja kwa moja, ikatafuta njia nyingine: hutoka kwa msaada wa CRM1, mlango uleule ambao Rev ya virusi vya UKIMWI huutumia.

Mambo mengine ya safari yalijazwa harakaharaka. NXF1 haishiki RNA kwa nguvu ikiwa peke yake. Hukabidhiwa na protini nyingine, Yra1 kwa hamira na ALYREF kwa binadamu. Mwaka 2002 kundi zima la wakabidhi lilipewa jina TREX, na ikaonekana kwamba linaungana na RNA ikiwa bado inaandikwa au inakatwa. Kwa njia hiyo nakala iliyotayarishwa vizuri ndiyo inayopata msindikizaji. Nje ya kitundu hungoja kimeng'enya kiitwacho Dbp5, na msaidizi wake Gle1, ambao hutumia nishati kumng'oa Mex67 kutoka kwenye RNA. Kwa kuwa ameng'olewa nje, RNA haiwezi kurudi ndani.

Kufikia hapo vitabu vilikuwa na picha kamili na ya kuvutia: RNA hukatwa, TREX hukaa, NXF1 hushika, Dbp5 hushusha. Ilikuwa picha ya hamira, nzi na watu, viumbe walio karibu katika mti wa uhai kuliko tunavyodhani.

Kimelea cha Kiboko chaulizwa, 2005–2022

Mwaka 1970 tripanosoma ilitolewa ndani ya mbung'o huko Kiboko, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ikahifadhiwa na shirika la utafiti la Afrika Mashariki lililokuwa na makao Tororo, Uganda. Uzao wa kimelea hicho ndio uliochaguliwa kusomwa jenomu yake yote. Matokeo yalitoka katika jarida la *Science* Julai 2005: herufi milioni 26 hivi, jeni 9,068 zilizokadiriwa, na ghala kubwa la jeni za makoti, nyingi zikiwa mabaki yasiyokamilika. Sasa ilikuwa rahisi kutafuta: je, Mex67 imo?

Imo. Mwaka 2013 watafiti wa Bern, Uswisi, wakiongozwa na Anna Dostalova na Bernd Schimanski, walieleza kwamba Mex67 ya tripanosoma hufanya kazi na Mtr2 yake, na kwamba mwanzoni mwake imeongezwa kitu ambacho jamaa zake wa wanyama na hamira hawana: mkunjo unaoshikilia zinki. Ukiondolewa mkunjo huo, kimelea hakiishi.

Lakini wasaidizi wa njiani wengi hawakuonekana. Mwaka 2016 Samson Obado, wa maabara ya Michael Rout katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, pamoja na timu ya Mark Field wa Dundee, walichora muundo wa kitundu cha tripanosoma protini kwa protini. Kitundu cha hamira na cha binadamu kina pande mbili zisizofanana, ya ndani na ya nje, na upande wa nje ndio makao ya Gle1 na Dbp5. Cha tripanosoma kina pande zinazokaribia kufanana, na jozi hiyo haipo. Badala yake Mex67 yake ilionekana ikiambatana na Ran, protini ambayo katika viumbe wengine hujulikana zaidi kwa kuongoza usafirishaji wa protini. Msindikizaji ni yuleyule, lakini mfumo wa kumshusha ni mwingine.

Mwaka 2019 ulileta mambo matatu kwa mpigo. Maabara ya Zdeněk Paris, České Budějovice, ilionyesha kwamba Mex67 na Mtr2 za tripanosoma husaidia pia kutoa RNA ndogo zinazobeba amino asidi, na kwamba kila moja ya mbili hizo ina mchango wake tofauti. Kundi la Susanne Kramer, Würzburg, likaonyesha kwamba katika tripanosoma RNA ndefu huweza kuanza kutoka kiinini mwisho wake ukiwa bado ndani, jambo linalodokeza kwamba ukaguzi wa mlangoni si mkali kama wa binadamu. Na katika nzi wa matunda, maabara kadhaa zikagundua kwamba ndugu wa NXF1 wana kazi nyingine kabisa: Nxf2 hushiriki katika kunyamazisha jeni zinazorukaruka ndani ya DNA, na Nxf3 hutoa nje malighafi ya RNA ndogo zinazolinda mayai dhidi ya jeni hizo.

Mwaka 2022 Obado na wenzake walirudi na taarifa kwamba tripanosoma ina ndugu watatu wa Mex67, na wamegawana kazi za kutayarisha na kusafirisha RNA za aina mbalimbali, zikiwemo zile za ribosomu. Nzi na tripanosoma walitengana zamani mno, na ndugu zao hawakurithiwa kutoka orodha moja. Kila ukoo ulizidisha jeni yake kwa wakati wake, kisha nakala za ziada zikapewa majukumu mapya.

Kinachojitokeza ni kwamba kilicho cha wote ni kidogo kuliko picha ya mwaka 2002 ilivyodai. Wakabidhi, washushaji, hata ukataji wa RNA, vyote vimebadilishwa au kuachwa katika tawi moja au jingine. Kilichobaki katika matawi yote yaliyochunguzwa ni protini inayoweza kushika RNA upande mmoja na kitundu upande mwingine, pamoja na mshirika wake mdogo. Ujuzi huo haungepatikana kwa kusoma hamira na binadamu peke yao.

Kutoka maabara hadi kidonge, 2009–2025

Maarifa haya yalikua wakati malale yenyewe ikipungua. Bonde la Lambwe, kusini mwa Nyanza, lilikuwa na milipuko hadi miaka ya 1980. Wagonjwa wa mwisho walioambukizwa nchini Kenya waliripotiwa mwaka 2009, na wasafiri wawili walioambukizwa Maasai Mara wakagunduliwa mwaka 2012. Mitego ya mbung'o, matibabu ya ng'ombe na ufuatiliaji ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma. Nagana, hata hivyo, haijaondoka. Mfugaji wa Kwale au wa Lambwe bado hununua dawa.

Dawa nazo zimeanza kulenga njia hiihii ya RNA. Acoziborole, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya malale inayopatikana Kongo, hunywewa mara moja tu. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba hushambulia CPSF3, kimeng'enya kinachokata RNA ya tripanosoma inapotayarishwa kupata mkia wake. Nakala isiyokatwa haikamiliki, na utayarishaji wa RNA mjumbe huharibika kabla ya safari kuanza. Katika majaribio ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea, yaliyochapishwa mwaka 2022, takriban asilimia 95 ya waliokuwa na ugonjwa uliofika kwenye ubongo walipona. Miaka ya 1990 wagonjwa kama hao walidungwa dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi yao.

Mex67 bado haina dawa inayoilenga. Ugumu wake uko wazi kutokana na historia hii: kuizuia bila kugusa NXF1 ya mgonjwa kunahitaji kupata mahali ambapo ndugu hawa wawili hawafanani. Mkunjo wa zinki ni mahali pamoja kama hapo, na kuungana na Ran ni pengine. Tofauti hizo zimejulikana kwa sababu watu waliamua kukisoma kimelea cha mbung'o kwa undani uleule waliousomea hamira. Sehemu ya uamuzi huo ilichukuliwa Kabete miaka zaidi ya 45 iliyopita, jirani na Kawangware, na watu waliokuwa wakitafuta chanjo ya ng'ombe.